Ekari 100 za askari Martin



Mara mingi hapa tunazungumzia vitabu vya wakubwa: maraisi, majenerali, maprofesa. Leo nawaletea kitabu cha mtu mdogo. Jina lake Joseph Plumb Martin. Alipigana vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza tangu akiwa kijana wa miaka 15, halafu akaenda kufyeka pori huko Maine, kaskazini kabisa, mahali ambapo makazi ya wageni yalikuwa yanaishia na msitu unaanza. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1830 katika mji wa Hallowell. Jina lake halikuwekwa kwenye kitabu. Wakati ule alikuwa anakaribia miaka 70.

Mi nimekisoma kwa simu, kwa Kiingereza changu cha kujikokota, majuma matatu, juu moto wa umeme kwetu ulikuwa unakuja usiku tu. Sikukianza kwa kupenda historia. Rafiki mmoja tuliyesoma naye alinitumia picha ya ukurasa wenye habari ya njaa, akaandika chini: "Soma, utacheka." Kweli nilicheka. Lakini nilipofika mwisho nilikuwa sicheki tena, na njo maana naandika.

Watu wengi wanakisifu kitabu hiki juu ya vita. Wanasema: huyu alikuwa kwenye majira ya baridi ya Valley Forge, huyu alikuwa Yorktown siku za ushindi, huyu aliona mwanamke akisaidia kwenye mzinga pale Monmouth mwaka 1778. Hiyo yote imo. Lakini ukikisoma hivyo tu, unapita kando ya kitabu. Mimi ninasema hiki ni kitabu cha mtu anayedai. Ni daftari la deni, limeandikwa kwa utani, na mwenye kudai ameliandika akijua kwamba mdaiwa wake, nchi yenyewe, iko inamsikiliza kwa sikio moja.

Angalieni jinsi anavyohesabu. Mwishoni mwa mwaka 1777, Kongresi iliamuru siku ya kumshukuru Mungu, na jeshi likaambiwa litapata karamu. Martin anasimulia karamu yenyewe polepole, kama mtu anayefungua zawadi: mchele usiofika nusu kikombe kwa kila askari, na kijiko kimoja cha siki. Halafu wakapelekwa kusikiliza mahubiri. Siku chache baadaye, njiani kuelekea Valley Forge, ana kiu mpaka anawapa askari wawili senti zake tatu ili wamwachie maji ya kunywa, na anatuambia wazi kwamba senti hizo tatu zilikuwa mali yake yote duniani. Chakula alichopata kule mwanzoni kilikuwa nusu ya boga dogo, akaliivisha juu ya moto.

Mwandishi mwingine angesema "tuliteseka sana", akapita. Martin hafanyi hivyo. Anasema ni kiasi gani, siku ngapi, kwa bei gani. Katika baridi ya Januari 1780, karibu na Morristown, anahesabu siku nne na usiku wake bila chakula, isipokuwa maganda ya mti aliyoyatafuna, na anasema aliona wenzake wakichoma viatu vya zamani na kuvila. Sisi tuliosoma agronomia tunajua kitu hiki: neno "njaa" bila kipimo halimsaidii mtu. Ukisema kilo, ukisema siku, mtu hawezi tena kukuambia unazidisha.

Na mshahara ni vile vile. Aliahidiwa dola sita na theluthi mbili kwa mwezi. Mwanzoni wakamlipa kwa noti za karatasi, na noti zenyewe zikaendelea kuoza mkononi. Kisha, tangu Agosti 1777, anasema hakupata kitu, isipokuwa mshahara wa mwezi mmoja kwa sarafu za kweli, mwaka 1781, jeshi lilipokuwa linateremka kwenda Virginia. Mwezi mmoja! Sisi hapa tunaojua noti kupoteza thamani kati ya asubuhi na jioni, hatuhitaji mtu kutufasiria kurasa hizo.

Jambo la pili ninalolipenda ni mahali anaposimama akiangalia. Mwaka 1777 alikuwa ndani ya Fort Mifflin, kwenye mto Delaware, mahali ambapo mizinga ya Waingereza ilipiga mpaka ngome ikabaki udongo na mbao zilizovunjika. Anasema mateso ya pale yalipita ya Yorktown, lakini karibu hakuna mtu anayeyataja. Kwa nini? Jibu lake ni fupi: hapakuwa na Washington pale, wala jenerali mwingine mwenye jina. Mkubwa akifanya kitu kidogo, habari inaenea. Wadogo wakifanya kitu kikubwa, habari inafia palepale. Sitaki kueleza zaidi, kila mmoja wetu ana mfano wake kichwani.

Ndiyo sababu napenda pia habari yake ya Yorktown. Wakati huo alikuwa katika kikosi cha wachimba mahandaki. Usiku, mbele kabisa ya mistari, mtu mwenye koti refu anawajia peke yake, anawauliza ni kikosi gani, anawaonya wasiseme kitu kama wakikamatwa. Baadaye wanagundua ni Washington mwenyewe. Kazi ya kuchimba ilipoanza, Washington akapiga sururu mara chache ili isemwe kwamba jenerali ndiye aliyefungua handaki. Martin hamtukani, hata kidogo. Anasimulia tu, na kutoka pale msomaji anajua nani alichimba usiku ule wote.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1783 vita ikaisha, askari wakatawanywa. Hawakupewa feza, walipewa karatasi za kuonyesha kwamba wanadai. Martin anasema aliuza sehemu ya karatasi zake ili apate nguo ya kumfanya aonekane mtu kati ya watu. Maofisa wao walikuwa wamepata ahadi ya mshahara kamili wa miaka mitano. Na wale walioingia jeshini kwa muda wote wa vita waliahidiwa kitu kingine: ekari 100 za ardhi kila mmoja, yaani kama hekta 40. Kuhusu ardhi hiyo, Martin anaandika kwa hasira kuliko popote katika kitabu. Anasema nchi ilipomaliza kukamua nguvu za askari, iliwafukuza kama farasi waliozeeka, bila hata majani ya kuwalisha. Ardhi ilitengwa kweli, kule Ohio, lakini hakuna aliyewekwa kuhakikisha kwamba askari anaifikia. Waliozifikia hati ni walanguzi, waliozunguka nchi nzima wakinunua haki za watu wenye njaa kwa bei ya bure.

Halafu? Msomaji anangoja. Mtu huyu alienda wapi? Alilima wapi? Martin anatujibu kwa sentensi moja. Anasema alifundisha shule majira moja ya baridi huko New York, kisha akaelekea mashariki mpaka Maine mwaka 1784, na kwamba yuko pale tangu siku ile, akingoja kupumzisha mifupa yake. Basi. Miaka 46 ndani ya sentensi moja.

Hapa njo nakataa kumfuata mwandishi. Miaka saba ya vita imepata kitabu kizima, na miaka 46 ya shamba haikupata hata ukurasa. Nilipotafuta nje ya kitabu nikaelewa kwamba sentensi ile imefunika kaburi.

Habari yenyewe ni hii. Martin alijichukulia shamba la ekari 100 hivi katika eneo la Prospect, karibu na mdomo wa mto Penobscot. Ekari 100: hesabu ileile aliyoahidiwa. Hakuna aliyempa, alijikatia mwenyewe. Alioa mwaka 1794, akapata watoto watano. Mwaka 1797 ikathibitishwa kisheria kwamba shamba si lake. Mwenyewe alikuwa Henry Knox.

Knox huyu si mtu wa pembeni. Kabla ya vita alikuwa muuza vitabu Boston. Wakati wa vita alikuwa mkuu wa mizinga ya Washington, yule aliyekokota mizinga ya Ticonderoga juu ya theluji mpaka Boston. Baadaye akawa waziri wa kwanza wa vita chini ya rais Washington. Yeye na Martin walikuwa jeshi moja, Yorktown walikuwa pamoja, kila mmoja kwenye ngazi yake. Lakini mke wa Knox, Lucy, alikuwa mjukuu wa Samuel Waldo, mwenye konsesio kubwa iliyoitwa Waldo Patent, ambayo mizizi yake ni karatasi iliyosainiwa Uingereza mwaka 1630. Familia ya Lucy ilishika upande wa mfalme, ikakimbia. Knox akaja kushika ardhi ile, akajenga jumba kubwa Thomaston, akaliita Montpelier. Wakulima waliokuwa wamekaa ndani ya konsesio wakaambiwa: nunueni, au tokeni. Shamba la Martin likapewa bei ya dola 170, alipe kwa miaka sita. Alimsihi Knox amwachie. Haikusaidia. Knox akafa mwaka 1806 na madeni mengi, lakini madai juu ya mashamba hayakufa naye. Kufika 1811, shamba la Martin lilikuwa limebaki nusu. Kufika 1818, hakuwa na kipande.

Niruhusuni kusema kama mtu wa udongo. Dola 170 ni bei ya nini hasa? Udongo wa upande ule ulitengenezwa na barafu ya zamani. Una mawe mengi, na msimu wa kulima ni mfupi. Mtu anaingia msituni na shoka. Anaangusha miti, anaichoma, anapanda mahindi au shayiri nyeusi kwenye majivu katikati ya visiki, juu jembe la kukokotwa haliwezi kupita mpaka visiki vioze. Mawe anayatoa kwa mikono, na kila baridi ikiisha udongo unasukuma mengine juu. Baada ya miaka kumi ya kazi hiyo, kipande kile kinaanza kuitwa shamba. Siku hiyo anakuja mtu mwenye karatasi, anakiuza kwa yule aliyekitengeneza. Wakulima wa Maine walilalamika hasa juu ya hilo: kwamba wanalipishwa jasho lao wenyewe. Kelele zilikuwa kubwa mpaka mwaka 1808 serikali ya Massachusetts, iliyokuwa inatawala Maine wakati ule, ikatunga sheria ya kutambua thamani ya kazi ya mkulima juu ya ardhi isiyo na hati yake. Martin mwenyewe, kama tulivyoona, hakuokoka.

Nina sababu ya kusimama hapa kwa muda mrefu. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi katika mradi mmoja, jina nitaliacha, uliokuwa unawapa vijana waliotoka jeshini majembe, mbegu na miche ya miti ya kushika udongo kwenye mteremko. Majembe waliyachukua, mbegu walizipanda. Miche ikakauka ndani ya mifuko yake. Niliandika katika ripoti yangu kwamba walengwa hawana mwamko. Siku ya kuondoka, baba mmoja akaniambia taratibu: "Agronomu, mti ni wa mwenye shamba. Sisi tuko hapa kwa msimu." Alilima kwa kukodi, kila mwaka upya. Ripoti yangu ilikuwa ya uongo, na niliiandika kwa Kifaransa kizuri kabisa. Nilipomsoma Martin nikaikumbuka.

Sasa swali la mhakiki: kwa nini mtu aliyehesabu kijiko cha siki hakuhesabu ekari zake? Ninatoa fikira yangu, mnaweza kuikataa. Kwanza, kitabu kiliandikwa kujibu maneno ya wakati wake. Mwaka 1818 ilitoka sheria ya pensheni kwa askari wa zamani waliokuwa maskini, na Martin akapata dola 96 kwa mwaka. Watu wakaanza kunung'unika kwamba wazee hawa wanakula feza ya taifa, na kwamba hata bila jeshi la kudumu wanamgambo wangeshinda vita. Martin anawajibu hao moja kwa moja. Kwa shauri la namna hiyo, mdaiwa lazima awe nchi. Akimwingiza Knox, habari ya ahadi inageuka kuwa ugomvi wa majirani. Pili, juu ya mshahara alikuwa na haki isiyo na doa. Juu ya shamba, sheria ilikuwa imesema amevamia. Mtu anayetaka kuaminiwa hapendi kuonyesha mahali ambapo karatasi ilimshinda. Na ninapomsoma akiwaita walanguzi wa ardhi mapepo wabaya, sioni Ohio peke yake. Naona Thomaston.

Kama nimekosea sababu, sijakosea upungufu. Kitabu kinapoteza nguvu yake mwishoni. Kinapiga kelele juu ya ardhi ambayo Martin hakuwahi kuiona, na kinanyamaza juu ya ardhi aliyoilima kwa mikono.

Kuna upofu wa pili, na huu ni mzito zaidi. Baada ya ushindi wa Yorktown, Martin na wenzake walikodiwa kutafuta Weusi waliokuwa wametoroka utumwa na kukimbilia kwa Waingereza. Alikuwa ameona wengi wao wamekufa porini kwa ndui. Waliobaki hai walikamatwa na kurudishwa, na askari wakalipwa kwa kila kichwa. Hapo tena anahesabu: fungu lake lilikuwa dola 1,200 za karatasi, na zote alizitoa kununua chupa moja ya pombe. Anaieleza kama mzaha juu ya noti mbovu. Mzaha ni mzuri, lakini mimi haukunichekesha. Mtu anayedai uhuru alioahidiwa anasimulia alivyouza uhuru wa wengine, na macho yake yako kwenye noti. Na ardhi ya Prospect yenyewe, kabla ya Waldo, kabla ya Knox, kabla ya Martin, ilikuwa nchi ya Wapenobscot. Watu hao walisimama upande wa Wamarekani katika vita hivyo hivyo. Mwaka 1796 wakatoa ardhi kwa mkataba na Massachusetts, wakatoa nyingine tena mwaka 1818, mwaka uleule tunaomkuta Martin hana kipande. Daftari lake la deni ni la kweli, ila lina ukurasa mmoja tu: yale anayodai. Ukurasa wa yale anayodaiwa haumo.

Je, haya yanafuta kitabu? Kwangu hapana. Yananifundisha kukisoma. Mtu anaweza kuonewa kwa kweli, na palepale akawa amesimama juu ya mtu mwingine. Tukikubali hilo katika kitabu cha miaka 200 iliyopita, labda tutaanza kulikubali katika mabishano yetu ya mashamba, ambapo kila upande unakuja na daftari la ukurasa mmoja.

Alipotakiwa kuonyesha mali yake ili aendelee kupata pensheni, Martin aliorodhesha ng'ombe wawili, kondoo sita na nguruwe mmoja. Katika kijiji chake alikuwa karani kwa miaka zaidi ya 20. Yaani mtu aliyepoteza shamba kwa kukosa karatasi ndiye aliyeshika karatasi za wenzake. Kitabu chake hakikuuzwa vizuri. Kilisahaulika mpaka karne iliyofuata, kikatolewa upya mwaka 1962, na leo ni vigumu mwanahistoria kuandika juu ya askari wa kawaida wa vita ile bila kupitia kwake. Alikufa mwaka 1850, umri miaka 89.

Kwa hiyo, wandugu, kisomeni. Kiingereza chake ni cha zamani, na kati ya vita na vita kuna sehemu za kuchosha: matembezi mengi, mvua nyingi, bata walioibiwa. Ruka ukitaka. Lakini sehemu za hesabu usiziruke. Na ukifika kwenye ile sentensi moja ya Maine, simama, weka simu chini kidogo, jaza mwenyewe ile miaka 46.

Na wale kati yetu wanaoandika ripoti za mashamba, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuandika kwamba mkulima hana mwamko, tumuulize kwanza shamba ni la nani. Mimi sikuuliza. Ninyi mnauliza? Nangoja majibu yenu hapa chini.